Saini Yako Isiseme Peke Yake



Leo nazungumzia daftari. Kila mkutano wa hadhara una daftari la mahudhurio. Unaingia, unaandika jina na nambari ya kitambulisho, unatia saini, unakaa. Afisa anaeleza mradi, kisha anauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Inasomwa dua, watu wanatawanyika. Baada ya Isha, kwenye vibaraza vya nyumba zetu, ndipo ndimi zinapofunguka: ule mradi utatumaliza, yule mzee anadhulumiwa shamba lake mchana kweupe, yule mjane ananyimwa haki ya mumewe. Yote ni kweli, na hakuna hata neno moja lililoingia katika daftari. Kilichoingia ni saini yako. Saini hiyo huweza kupelekwa Nairobi ikahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Nayasema haya kwa sababu tuliyaona kwa macho yetu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, katika kaunti yetu ya Lamu, ambayo mji wake mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Septemba 2016, mamlaka ya mazingira, NEMA, ikautolea leseni. Mikutano ilikuwa imefanywa, na kwa hiyo ikadaiwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Shirika la Save Lamu pamoja na wakazi watano wakakataa hesabu hiyo, wakaenda kwenye mahakama maalum ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Mahakama ilisema kwamba mikutano ya utangulizi, iliyofanywa kabla watu hawajaonyeshwa utafiti wa athari za mradi, haiwezi kuitwa ushirikishwaji wa umma. Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni.

Walikuwepo pia ndugu zetu waliouunga mkono mtambo ule kwa ajili ya kazi za vijana. Walisimama wakalisema hilo hadharani, na mimi nawaheshimu. Ninaowasikitikia ni wale waliojua hatari na wakafyata ulimi.

Wavuvi nao wana lao la kutufunza. Ujenzi wa bandari ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET, ulipozinduliwa Machi 2012, Mzee Mohamed Ali Baadi na wenzake hawakungoja bahari ichimbwe ndipo walie. Mwaka uleule walikuwa mahakamani. Miaka sita ilipita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fikiria, msikilizaji, ni wangapi katika hao 4,600 waliowahi kusimama mkutanoni wakafungua kinywa. Wachache walisema, na haki ikaandikwa kwa jina la wote.

Najua utanijibu nini: kusema kuna gharama. Ni kweli kuna gharama. Desemba 2018, Human Rights Watch na muungano wa kitaifa wa watetezi wa haki za binadamu walitoa ripoti kuhusu wanaharakati wa Lamu waliotishwa, waliokamatwa, na wengine waliobandikwa jina la ugaidi kwa sababu tu ya kuhoji miradi mikubwa. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mtu wa hapa akisikia neno ugaidi moyo humwenda mbio. Simlaumu mama anayemkataza mwanawe asishike kipaza sauti. Ila hofu ya mtu mmoja hupungua wakiwa kumi. Nenda na majirani. Andikeni barua moja, mtie saini nyote, mbaki na nakala.

Wengine husema, “Hayanihusu, shamba si langu.” Kisheria, katika mambo ya mazingira, hilo halina nguvu. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Kidini ni zaidi ya hapo, maana sote tumesomeshwa chuoni kwamba kuficha ushahidi ni dhambi.

Na ushahidi wenyewe mara nyingi si wa kesi kubwa. Chukua shamba la bara ambalo halina hati, na mashamba hayo kwetu ni mengi. Mpaka wake unajulikana kwa mnazi, kwa mwembe, kwa kisima cha zamani. Mwenyewe akifa, mjane anabaki na maneno yake tu. Anayejua kwamba mpaka ulikuwa pale kwenye mwembe ni jirani aliyelima naye miaka yote. Jirani huyo akija kwa chifu akainamisha kichwa, akasema “mimi sikumbuki vizuri” ilhali anakumbuka, basi ameshiriki kumnyang’anya yule mama. Mimi sioni tofauti yake na yule anayeliuza shamba lisilo lake.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Mkutano mwingine ukiitishwa, wa mradi, wa ardhi au wa shule, ombeni karatasi zake mapema, tena kwa Kiswahili. Ukiwa na neno, simama ulitamke kwa jina lako, kisha mfuate katibu umwombe akusomee alivyoandika. Kama hakuandika, mwambie aandike kabla hujatoka.