Nakshi ya Dhahabu Juu ya Mvukuto

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi wajukuu zetu mliozaliwa ugenini,

Kamati ilinitaka nizungumze juu ya kazi niliyoishika baada ya kustaafu, kwani vijana wamesikia kuwa babu yao hupamba kodiani kwa dhahabu. Nitaieleza kazi hiyo, na mwisho nitakuwa na ombi.

Chombo chenyewe si kodiani tuliyoizoea katika taarab, bali ni ndugu yake mdogo, konsatina. Hushikwa baina ya viganja viwili, ina vitufe ncha zote mbili, na aghalabu umbo lake ni la pande sita. Konsatina ya Kiingereza ilibuniwa na Charles Wheatstone wa London, ambaye hataza yake ya kwanza katika jambo hilo ni ya mwaka 1829. Ndiye yule yule ambaye jina lake wanafunzi hulikuta katika masomo ya umeme. Baina ya ncha hizo mbili upo mvukuto, nao ndio pumzi ya chombo. Mvukuto wa mikunjo sita hutaka vipande 72 vya kadi ngumu, vinavyoungwa kwa kitambaa na ngozi nyembamba ya mbuzi. Upepo ukivuja penye pembe moja tu, sauti hudhoofika.

Nilifika nchi hii mwaka 1991, baada ya miaka kumi na miwili katika ofisi ya serikali Mombasa, nikaajiriwa hapa katika halmashauri ya mji hadi nilipostaafu mwaka 2019. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiingereza aliyetengeneza vyombo hivi kwa mikono yake. Ramadhani moja nilimpelekea sambusa, nikamkuta ameinamia ngozi na chapa ya shaba inayofuka. Sikuondoka upesi, na kesho yake nikarudi.

Dhahabu haitiwi kila mahali. Mikunjo hufunguka na kufunga, kwa hiyo sisi huibandika karatasi zenye maua. Dhahabu huwekwa kwenye ukanda wa ngozi unaofunika fremu za ncha mbili, kwa sababu hapo ubao uko nyuma yake na huweza kuhimili mkandamizo. Kwanza chapa yenye joto kidogo hukandamizwa juu ya ngozi yenye unyevu, ikaacha alama tupu. Alama hiyo hupakwa ute wa yai uliopigwa na siki kidogo, ukalazwa usiku kucha na kuchujwa. Ukishakauka, hupitishwa mafuta haba sana, kisha huwekwa utando wa dhahabu, ambao unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Huwezi kuushika kwa vidole. Hata pumzi yako huupeperusha. Ndipo chapa hupashwa moto tena, ikaguswa kwenye pamba mbichi hadi mchoyo wake upungue, ikarudishwa katika alama ile ile, wima, mara moja. Dhahabu iliyopata joto hushika. Iliyobaki hufutwa kwa kitambaa, na kitambaa hakitupwi.

Ukanda wangu wa kwanza niliuunguza. Sikungoja chapa ipoe, na ngozi ikawa nyeusi kama mkate uliosahauliwa jikoni. Mzee hakunikemea. Aliubandua, akanipa mwingine, akasema nisikilize pamba kabla ya kutumia macho. Ilinichukua miezi minane kupata mstari mmoja ulionyooka.

Ndugu zangu, nilidhani nimejifunza ufundi wa wageni. Baadaye nilisoma kwamba wajalidi wa Morocco walitia dhahabu juu ya ngozi za misahafu tangu karne ya 13, na kwamba ufundi huo ulifika Italia katika karne ya 15, ukitoka nchi za Kiislamu. Na kwetu pwani, Siyu katika kisiwa cha Pate ilisifika kwa waandishi wa misahafu, kwa kujalidi vitabu na kwa kazi za ngozi. Sidai kwamba mafundi wa Siyu walipamba konsatina. Ninachosema ni kwamba kijana wetu akikaa mbele ya ngozi na chapa, hakai mahali pa mtu mwingine.

Sasa ombi langu. Mzee wangu alifariki mwaka 2022. Aliniachia chapa zake arobaini na moja kwa sharti kwamba nisizizike nami. Aliniachia pia konsatina yake ya mwisho, ambayo binti yake anaingojea. Fremu zake mbili zina pande kumi na mbili. Nane nimezimaliza. Nne zimebaki, na tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia unatetemeka. Kwa kuandika barua bado unafaa. Kwa dhahabu haufai tena.

Ningeweza kumtafuta fundi wa kulipwa, na ikibidi nitafanya hivyo, kwani ahadi ni deni. Lakini kabla sijafanya hivyo nimeona niwaulize nyumbani kwanza. Namtafuta mmoja wenu, mvulana au msichana, atakayenijia kila Jumamosi. Macho yangu bado mazima na sikio langu linaijua pamba. Nitakaa ubavuni mwake. Ataunguza ngozi, nami nitampa nyingine.

Baada ya chakula nitakuwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, nikiwa na chapa tatu na mabaki ya ngozi. Anayetaka kujaribu na aje, na wazazi wasimjibie.