Maji, Takataka na Shauri Lililo Mbele Yetu
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya huduma za jiji katika mitaa yetu ya magharibi, yaani Kawangware, Gatina, Riruta, Waithaka, Uthiru na Kangemi. Tutataja maji na takataka, kisha tutawaomba mkate shauri moja.

Wazee miongoni mwetu wanakumbuka kwamba mitaa hii haikuwa ya jiji tangu asili. Nairobi ilipewa hadhi ya jiji mwaka wa 1950, lakini Dagoretti na Kangemi ziliingizwa ndani ya mipaka yake mwaka wa 1963. Mipaka ilikuja mara moja. Mabomba yamekuja polepole, na penginepo hayajafika hata leo. Baraza la Jiji nalo lilikoma mwaka wa 2013, na kazi zake zikashikwa na Serikali ya Kaunti. Kwa Katiba ya mwaka wa 2010, huduma za maji, uzoaji wa takataka na taa za njiani ni dhima ya Kaunti. Basi mwanachama asikubali kutumwa huku na huku akitafuta mwenye kazi.

Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka katika bwawa la Ndakaini, katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Kwa kuwa hayatoshi wote, Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi imeweka zamu: mtaa huu siku hii, mtaa ule siku ile. Zamu si dhuluma. Dhuluma ni zamu kupita na mfereji usitoe tone. Hapo ndipo tununuapo mtungi kwa mtungi kwenye mikokoteni, na kwa hesabu ya lita, maskini wa Kawangware hulipa zaidi kuliko jirani yake wa Lavington mwenye mfereji na kisima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kwa taabu hiyo, baadhi ya ndugu wamependekeza tuchukue akiba ya mazishi tuchimbe kisima chetu. Twaheshimu nia yao, lakini hapana budi kuyapima mambo. Kisima hutaka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Hutaka pampu, umeme na mlinzi. Na maji ya ardhini ya Nairobi penginepo yana floridi nyingi, iharibuyo meno ya watoto. Mauti hayangoji zamu. Akiba ile ikiisha, tutawasafirishaje wafu wetu?

Ama takataka, lori likichelewa hurundikana sokoni na kando ya njia. Jaa kuu la jiji liko Dandora, upande wa mashariki, na lori la kwetu sharti livuke mji mzima. Vijana wanaozoa nyumba kwa nyumba wafanya kazi njema. Lakini pasipo mahali palipokubaliwa pa kukusanyia, uchafu hutoka mlangoni kwetu ukaingia mtoni.

Shauri letu ni hili. Kila mwaka makadirio ya fedha za Kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Katika majira hayo wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi sisi huwa tumekwisha kulalamika chini ya miti, na viti vya mkutano vikabaki vitupu. Twaomba kila mwanachama aandike siku ambazo maji hayakutoka kwa zamu, na atunze risiti zake. Twaomba kila mtaa uteue wazee wawili, mwanamke na mwanamume, wapeleke hesabu hiyo kwa maandishi kwa Mwakilishi wa Wadi na kwa Kampuni, wapigiwe muhuri kwenye nakala yao. Maneno ya mdomo husahauliwa. Barua yenye muhuri hudai jibu.

Na akiba ya mazishi ibaki pale ilipo. Hayo ndiyo tuliyoona vema kuwaletea. Uamuzi ni wenu.