Kaka Mkubwa Bado Yuko Nje: Igizo Katika Ibada ya Kilutheri



Kila inapokaribia tarehe 29 Septemba, sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto ndio wenye ibada: wanaongoza liturujia, wanasoma masomo, wanaigiza. Nitasimulia igizo moja nililoliona katika usharika mmoja wa ukanda huu wa dhahabu wa Buzwagi na Kahama.

Lilikuwa la mwana mpotevu. Baba akagawa ng'ombe, kama mzee yeyote wa Kisukuma angegawa. Mdogo akauza wake, akatokea tena jukwaani amevaa mabuti yaliyompwaya, tochi imefungwa kichwani kwa kipande cha mpira. Hakuna aliyetutajia duara, shimo la wachimbaji; tulijua. Fedha zilipoisha, mwalimu aliyeliandaa hakuweka nguruwe. Aliweka mialo ya kuchenjulia dhahabu: kijana amechuchumaa, anakoroga tope na zebaki kwa mikono mitupu. Mama aliyekaa mbele yangu akajifunika mdomo kwa khanga. Nadhani ana mtoto huko.

Kisha mdogo akarudi, baba akamkumbatia, na kaka mkubwa, fimbo ya kuchungia mkononi, akakimbilia kumkumbatia pia. Vigelegele. Yakafuata matangazo.

Luka hakuandika hivyo. Katika sura ya 15 kaka mkubwa anabaki nje, baba anamsihi, na hatuambiwi kama aliingia. Yesu aliuacha mlango wazi. Sisi tuliufunga kwa makofi.

Mazoea haya tumeyatoa shuleni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera: asiyejua anabishana na anayejua, na mwishoni wanakubaliana. Vizazi vya wanafunzi vimesimama mstarini kuzighani, nami nilikuwa mmoja wao, na nilizipenda. Lakini tulipoingia kanisani tulikuja na mwisho wake. Mlevi lazima aokoke kabla kwaya haijaanza, na aliyeletwa ibadani na jambo zito anaondoka nalo vilevile, maana jukwaani limekwisha.

Hapa Usukumani tuna mfano mwingine. Mwaka 1982 na 1983, huko Malya wilayani Kwimba, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama akiwa miongoni mwao, walifanya kazi na wanakijiji juu ya mimba za wasichana. Wanakijiji walitafuta wenyewe chanzo cha tatizo, wakalitungia mchezo kwa ngoma zao, wakaucheza, kisha wakaketi kujadiliana. Mchezo ulikuwa mwanzo wa mazungumzo.

Anayehofu kwamba igizo ibadani ni ugeni kwa Walutheri amkumbuke Luther mwenyewe. Katika dibaji za Biblia yake ya 1534 alikiona kitabu cha Yudithi kama tanzia na cha Tobiti kama ramsa, akadhani huenda Wayahudi waliviigiza. Hakuona aibu.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Nimeona mtoto amepakwa rangi nyekundu machoni, amejikunja juu ya mkongojo, anaigiza mchawi, na kanisa zima linacheka. Ndugu zangu, katika mkoa huu bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Igizo la namna hiyo lisikaribie madhabahu. Hata kama mwishoni mchawi anaokoka, watoto wamekwisha kuonyeshwa sura ya mchawi, nayo ni sura ya bibi yao.

Ninachoomba ni kwamba igizo liondolewe kwenye nafasi ya kabla ya matangazo. Liwekwe baada ya somo la Injili, kabla ya mahubiri. Liishie pale somo linapoishia, na mhubiri aanzie hapo.

Mwaka uliofuata nilimsihi yule mwalimu amwache kaka mkubwa mlangoni. Alikubali. Mdogo alikumbatiwa, kwaya ikaimba, na mchungaji akapanda mimbarani, huku yule mvulana akiwa bado amesimama kizingitini na fimbo yake. Wazee wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wakigeuza shingo kumtazama.