NJIA YA MTONI INAYORUDI NYUMBANI

Leo tuongee juu ya njia ya miguu na ya baisikeli kandokando ya mto Ruzizi.

Ruzizi yatoka Ziwa Kivu, yashuka kwa nguvu kati ya milima, kisha yapita katika tambarare mpaka Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilometa zaidi ya 100. Upande wa magharibi iko milima mirefu, na kutoka huko mito ya Luberizi, Sange na Kiliba yashuka kuelekea bondeni. Kwa hiyo vijiji vingi vina mzunguko wao: unafuata kijito mpaka mtoni, unatembea kando ya Ruzizi, unapanda kwa kijito kingine, unarudi kwa barabara kubwa ya Uvira na Bukavu.

Nani anapita huko? Mama mwenye mihogo, mvuvi, kijana mwenye baisikeli iliyojaa makala, mchungaji na ng'ombe wake. Wengine hutembea siku ya Mungu kwa kufurahi tu, kuangalia maji na milima. Msiwacheke. Vita ilitufundisha njia ya kwenda tu, mzigo kichwani, bila kujua kama tutarudi. Mtu anayetembea bila haraka, na jioni akafika kwake, huyo ameonja amani.

Lakini jamaa ikikimbia, majani yanafunika njia, halafu jirani anapanda mihogo juu yake. Wenyewe wakirudi, wapite wapi? Mwenye baisikeli anakata katikati ya mpunga, ng'ombe wanamfuata, na mwenye shamba anatoka na panga. Bonde letu limezika watu wengi kwa ugomvi wa ng'ombe na mashamba.

Sheria yasemaje? Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 yasema udongo ni mali ya Leta. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Basi hakuna anayeweza kusema, "Mto ni wangu." Sheria hiyo yatambua pia haki ya kupita kwa mwenye shamba lililozungukwa pande zote. Tena Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, juu ya watu waliohama ndani ya nchi yao, zataka mali waliyoiacha ilindwe. Lakini aliyerudi asing'oe mihogo ya jirani usiku. Wapatane: jirani avune kwanza, kisha njia ifunguliwe.

Waheshimiwa mashefu, fanyeni hivi. Kwanza, chagueni siku moja mtembee mzunguko mzima pamoja: wakulima, wachungaji, wavuvi, wanawake, na waliohama. Ugomvi unaonekana vizuri zaidi pale penyewe kuliko barazani. Mahali panaposhukiwa kuwa na bomu au risasi zilizoachwa, msipite; wajulisheni wakubwa.

Pili, pimeni upana: baisikeli mbili zenye mizigo zipishane. Ng'ombe wapewe njia yao na saa zao za kunywa maji.

Tatu, njia isikaribie sana ukingo. Mvua nyingi hubomoa udongo, kwa hiyo acheni matete yaushike. Mto una mamba, na viboko hutoka usiku kula majani. Giza likiingia, mtu asipite huko.

Nne, andikeni mapatano. Kila upande utie sahihi na ubaki na karatasi yake. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya watu. Kisha fanyeni salongo: fyekeni, wekeni madaraja ya miti kwenye vijito. Na mtu yeyote asifunge kamba njiani kudai pesa.

Ndugu zangu, kazi hii haingoji msaada kutoka mbali. Yataka panga la kufyeka, jembe, na moyo wa kumsikiliza mwenzako. Mkikubaliana kabla ya majira ya kupanda, mihogo itapandwa mahali pake, ng'ombe watakunywa, na mtoto aliyezaliwa ukimbizini atajua njia ya kwenda mtoni na ya kurudi kwao.