Anayezimia Ahesabiwe Mapigo: Kukatika kwa Umeme wa Moyo na Tiba Yake



Moyo hujiendesha kwa umeme wake wenyewe. Mpigo huanzia juu, kwenye chumba cha kulia, ukaenea katika vyumba vyote viwili vya juu, ukapita kwenye kituo kilicho mpakani, kisha ukateremka kwa nyuzi maalumu hadi kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Njia hiyo ikidhoofu kidogo, umeme huchelewa tu na mtu hajui lolote. Ikidhoofu zaidi, baadhi ya mapigo hayafiki chini. Ikikatika kabisa, vyumba vya chini hubaki vikijipigia vyenyewe, mara nyingi mapigo 20 hadi 40 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100. Wengi huuchanganya ugonjwa huu na kuziba kwa mishipa ya damu ya moyo. Mishipa inaweza kuwa safi kabisa na umeme usipite, kwa kuwa chanzo kikubwa ni nyuzi zenyewe kukakamaa kadiri umri unavyosonga.

Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba tunawapoteza wagonjwa hawa mapema mno, kabla hata suala la upasuaji halijafikiwa. Tunawapoteza pale wanapoanguka na kupewa jina la ugonjwa mwingine. Vyumba vya chini vikisimama kwa sekunde kumi hivi, ubongo hukosa damu na mtu huanguka ghafla, amepauka, na pengine viungo vikatikisika. Anayetazama huona kifafa, au huona shetani. Lakini aliyezimia kwa sababu ya moyo kwa kawaida huzinduka upesi na akili zake timamu, ilhali mwenye kifafa hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Kosa hilo lina gharama yake: kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumika sana kwetu, inaweza kuzidisha kukatika kwa umeme wa moyo. Dawa iliyotolewa kuzuia kuanguka huweza kumwangusha mgonjwa zaidi.

Kutambua kwamba moyo unaweza kumzimisha mtu hakukungoja mashine. Mwaka 1827, huko Dublin, Robert Adams alieleza habari za mgonjwa mwenye mapigo ya polepole aliyekuwa akizirai mara kwa mara, akashikilia kwamba chanzo kiko moyoni na si kwenye ubongo. William Stokes, wa mji huohuo, aliliendeleza wazo hilo mwaka 1846. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa bado hakijavumbuliwa. Hata leo kuanza utambuzi hakuhitaji mashine: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na saa yenye mshale wa sekunde vipo katika kila zahanati, mradi mhudumu ahesabu dakika nzima. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, kama ilivyozoeleka kwenye foleni ndefu, ni kukaribisha kosa.

Daktari mwenzangu atanipinga kwamba mapigo yanaweza kuwa ya kawaida kati ya tukio na tukio, na kwamba mwanariadha naye huwa na mapigo machache. Ni kweli yote mawili. Ndiyo maana sisemi kwamba mapigo mazuri yanamwondolea mtu shaka. Aliyezimia bila dalili ya kumtahadharisha anastahili kipimo cha umeme wa moyo hata kama mkono wake unapiga vizuri. Na mapigo 32 kwa mtu aliyeanguka jana hayawezi kuitwa uzee wala mazoezi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kuna faida gani kumtambua mgonjwa ambaye hatapata betri ya moyo, kifaa cha kuuchochea moyo kwa umeme? Kwanza, si kila mmoja anaihitaji. Dawa kama atenololi na digoksini, au potasiamu iliyozidi mwilini, huweza kuleta hali hiyohiyo, na chanzo kikiondolewa umeme huweza kurudi. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, husaidia baadhi ya wagonjwa, ila kwa muda mfupi tu. Njia ikishakatika moja kwa moja, betri ndiyo tiba. Arne Larsson, Mswidi aliyewekewa betri ya kwanza kabisa ndani ya mwili Oktoba 1958, alipata kifaa kilichodumu saa chache tu, lakini kwa vifaa vilivyofuata aliishi hadi 2001, akafa na miaka 86. Leo kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Bei ya kifaa ndiyo inayowashinda wengi.

Hapo naunga mkono betri zilizokwisha kutumika, zikasafishwa na kupimwa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia wagonjwa 1,051 wa Mexico, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika waliowekewa vifaa vya aina hiyo, ukawalinganisha na 3,153 wa Canada waliopata vipya. Katika miaka miwili, maambukizi au kifo kilichotokana na kifaa vilifikia asilimia 2.0 kwa waliopata vilivyotumika na 1.2 kwa waliopata vipya, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kuthibitishwa. Wapo wanaosema huku ni kumpa maskini makombo. Ningekubaliana nao iwapo mgonjwa angefichwa asili ya kifaa, au chaji iliyobaki isingepimwa. Akielezwa na kuridhia, anayebaki kulalamika ni mtengenezaji, ambaye lebo yake inasema kitumike mara moja tu.