Mgonjwa Mlangoni pa Bima

Kule Marekani mtu aliyejitafutia bima ya afya aliweza kukataliwa kwa kuwa tu alikuwa tayari na kisukari au kansa. Sheria ya Rais Obama ya 2010 ilikataza hayo tangu 2014. Wapinzani wakauliza: kila mtu akingoja augue ndipo alipe, sanduku litajazwa na nani? Swali hilo lina uzito. Sisi tunaochangia mituweli tunalijua. Kwa hiyo wazima nao walidaiwa waingie, ama walipe faini. Hapo ugomvi ukawaka. Mwezi wa 7, 2017, muswada wa kufuta faini hiyo ulianguka katika Seneti, kura 49 kwa 51. John McCain, aliyekuwa ameambiwa siku chache kabla kwamba ana kansa ya ubongo, aliupinga. Desemba faini ikafutwa, kuanzia 2019. Mgonjwa bado anapokelewa. Tunaomba aendelee kupokelewa.