Ngalawa Haikuambii: Mazungumzo na Wavuvi juu ya Tanga na Demani

 

Leo hatusemi juu ya mbolea wala maji ya kuchemsha. Tunasema juu ya tanga. Wengine mmeanza kucheka. Mnasema, "Mwalimu huyu mtu wa bara, atatufundisha bahari?" Mna haki. Sisi tumejifunza kusoma upepo ukubwani, kama ninyi mlivyojifunza kusoma herufi ukubwani. Walimu wetu ni wavuvi. Wao walisema, sisi tumeandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Wavuvi 6 wa darasa letu walikuwa na mashua kuukuu, inavuja, na watu wa kuiendesha ni wachache. Wakaiuza, wakakopa nyongeza, wakanunua ngalawa. Ngalawa ni nyepesi, watu wawili au watatu wanatosha. Siku ya tatu kusi ilivuma kwa nguvu, na sisi tulikuwamo. Nahodha ni mzee aliyeshika usukani wa mashua tangu ujana wake. Akangoja ngalawa ilale ndipo alegeze demani. Haikulala. Ilizidi mbio tu, nasi tukapiga vigelegele! Mara tengo la upande wa demani likazama lote. Mrengu wa mbele ukakatika kwa mlio wa bunduki. Sote majini.

Tulishikilia mtumbwi uliopinduka mpaka jua likaanza kutua, ndipo mashua moja ikatuokota. Hakufa mtu. Tanga lilikwenda, nyavu zilikwenda, deni likabaki.

Usiku ule mzee alisema neno moja: "Haikuniambia."

Hapo ndipo somo lilipo. Mashua huzungumza na nahodha kwa kulala. Upepo ukizidi, inalala. Ikilala, upepo mwingine unapita juu ya tanga bila kulisukuma, na farumi iliyo chini inaivuta isimame tena. Mashua inakusamehe, inakupa nafasi ya kufikiri. Ngalawa haina farumi. Inashikwa na matengo, zile mbao mbili za pembeni, ambazo zimefungwa kwenye mirengu inayokatisha mtumbwi. (Majina haya hubadilika kidogo pwani hadi pwani. Kila mtu ashike la kwao.) Kwa hiyo inasimama wima, na nguvu yote ya upepo inaingia kwenye mwendo, kamba na mirengu. Tengo likizama, maji yanalikamata. Omo inavutwa upande ule ule, usukani unakuwa mzito, na upepo unalishika tanga ubavuni zaidi. Hapo umechelewa.

Basi anayetoka kwenye mashua asingoje kulala. Atazame tengo la upande wa demani. Likigusa maji na kuruka, vizuri. Likianza kulima maji, legeza demani, na mwenzako atoke akae juu ya mrengu wa upande wa goshini, kule upepo unakotoka. Na demani isifungwe. Izungushwe mara moja kwenye mti, mwisho wake ushikwe mkononi. Siku ile yetu ilikuwa imefungwa fundo! Kwenye mashua nzito mzee alizoea hivyo, na haikumdhuru.

Jambo la pili ni gumu kidogo, tulifuate polepole. Nani hapa ana baiskeli? Upepo ukivuma kutoka ubavuni nawe umesimama, unausikia kwenye sikio. Panda baiskeli ukaze mwendo. Sasa unausikia usoni. Je, upepo umegeuka? Haukugeuka. Ni mwendo wako umeuchanganya.

Mashua nzito inakwenda polepole, kwa hiyo jambo hili halionekani sana. Ngalawa ni baiskeli. Ikishika mwendo, upepo unaoligusa tanga unahamia mbele, na tanga lililokuwa sawa linaanza kupepesa. Nahodha mgeni anadhani upepo umebadilika, anageuza usukani. Hapana. Avute demani kidogo. Ngalawa ikipunguza mwendo, upepo unarudi ubavuni, naye alegeze tena. Upepo wa ghafla ukija, alegeze kwanza. Ngalawa ikikaza mwendo, avute. Mkono wa demani haulali.

Utajuaje tanga liko sawa? Legeza demani mpaka ukingo ulio karibu na foromali upepese. Kisha vuta taratibu. Ukingo ukitulia, acha hapo hapo. Wengi wanazidi kuvuta, wanadhani tanga lililokazwa kama ngoma lina nguvu. Lililokazwa mno linaisukuma ngalawa kwa ubavu tu. Lipewe tumbo kiasi. Tena shona vipande vya uzi au vya kanga nyembamba karibu na ukingo ule, pande zote mbili za tanga. Upepo ukipita vizuri, vyote vinalala kuelekea nyuma. Kimoja kikianza kucheza ovyo, rekebisha. Ni herufi mbili tu za kusoma.

Katika kubisha, msiibane ngalawa kwenye upepo kama mashua. Haina mkuku mrefu. Ukiibana inasimama, na ikisimama inaburutwa ubavu mpaka kwenye mwamba. Fungua omo kidogo, pata mwendo kwanza, ndipo upande polepole.

Upepo ukiwa ubavuni au nyuma kidogo, kisha ukaja mkali, hatari ni kubwa zaidi. Mwenye mashua hugeuza omo kuelekea upepo. Ngalawa yenye mbio ikigeuzwa hivyo ghafla, mbio zake zenyewe zinaikandamiza juu ya tengo la demani. Legeza, geuka taratibu kufuata upepo, na mtu wa mbele arudi nyuma ili omo isichimbe. Lakini usigeuke mno, upepo ukashika tanga kutoka upande wa pili.

Na tanga dogo litwekwe kabla ya kuondoka, mkiona bahari imejaa povu jeupe. Usingoje ngalawa ikushauri.

Tuseme kidogo ilikotoka. Vyombo vya matengo asili yake ni ya watu wa visiwa vya kusini-mashariki ya Asia. Baadhi yao walivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska, na lugha ya Malagasi mpaka leo ni ndugu ya lugha za Indonesia. Katika Pasifiki jamaa zao waliunganisha mitumbwi miwili kwa miti. Mwaka 1976 mtumbwi wa namna hiyo, Hōkūleʻa, ulitoka Hawaii ukafika Tahiti bila dira, zaidi ya kilometa 4,000. Kwa hiyo tusiidharau ngalawa kuwa ni chombo cha maskini.

Wale ndugu 6 wamechonga mrengu mpya, na tanga wameazimwa. Mzee mwenyewe ameshona vipande vya kanga. Mkewe ameuliza kanga yake imekatwa na nani, na hajajibiwa. Jumamosi wanatweka tena. Atakaye kuja aje alfajiri, kabla maji hayajapwa.